Msemaji wa Kumi na Nne

Uvumi ule ulimfikia Nasimiyu siku ya Jumatatu, na kufikia Alhamisi alikuwa amejaribu kila njia ya kuutoa kichwani, ukakataa kutoka. Aliuosha pamoja na vyombo vya asubuhi, ukarudi. Aliuimbia nyimbo za kanisa njiani, akaukuta unamsubiri mlangoni mwa kazi. Nao ulikuwa uvumi wa maneno matatu tu: tepe la tengu.

Alianza kuyasikia kwenye ngazi za idara. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wakisalimiana nayo. Mmoja anasema, "Niaje, tepe?" na mwenzake anajibu, "La tengu," kisha wanashikana mabega wakicheka. Nasimiyu alidhani ni Sheng mpya, maana vijana wa Nairobi hubadilisha lugha kila wiki. Mpaka Ivyne, karani wa ofisi ya idara, alipomvuta kando kwenye birika la chai.

"Nikwambie kitu na usinikasirikie?"

"Sema."

"Wanasema hiyo sauti ni ya mamako."

"Sauti gani?"

"Hiyo ya tepe. Wanasema Thuo aliwachezea darasani wiki jana, ile siku ulikuwa umetumwa Dagoretti. Mama anasoma, watoto wanavunjika mbavu, na mwalimu mwenyewe anacheka." Ivyne aliendelea kukoroga chai iliyokwisha kukorogeka zamani. "Aki mimi sikuwa. Nakupea tu venye nimepewa."

"Thuo hawezi."

"Basi hawezi. Lakini si Jumamosi ndiyo wazee wake wanakuja kwenu? Mimi ningekuwa wewe, ningeuliza kabla watu hawajavaa suti."

Nasimiyu hakuuliza Jumatatu. Hakuuliza Jumanne wala Jumatano. Mtu akimpenda mtu, huweza kulibeba swali siku nne kama mzigo wa kuni, akijiambia kwamba si zito.

Idara yao ya sayansi ya sauti ilikuwa ndogo, ghorofa moja nyuma ya majengo makubwa ya chuo, katikati ya jiji. Nasimiyu alikuwa fundi wa maabara. Yeye ndiye aliyejua spika ipi inakwaruza na waya upi umekatika ndani. Thuo alikuja Septemba, mwaka wa masomo ulipofunguliwa, mwalimu msaidizi mwenye shati lililopigwa pasi na utafiti wa shahada yake ya juu kwenye begi. Alimkuta Nasimiyu juu ya ngazi akifunga spika katika ukumbi wa mihadhara. Akapiga kofi moja, akafumba macho akilisikiliza likizunguka ukumbi mpaka likafa.

"Sekunde mbili," akasema peke yake.

"Moja na nusu," Nasimiyu akamjibu kutoka juu.

Wakapima. Ikawa moja na nusu. Thuo akainua uso, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kofi lile lilivyodumu, na Nasimiyu akasahau bisibisi mkononi.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyoenda. Novemba walipima kelele za magari nje ya hospitali moja ya Parklands, wakishiriki mwavuli mmoja. Februari walikwenda Dagoretti kwenye vichinjio, kupima kama misumeno ya kukatia mifupa inaua masikio ya wafanyakazi, wakala soseji za mutura wamesimama na mita ya sauti shingoni. Pasaka ilipofika, Thuo alikuwa akilitamka jina lake polepole, Na-si-mi-yu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

Nyumbani kwao wote wawili hali haikuwa nzuri. Mama yake Thuo, Njambi, mwenye nyumba za kupangisha kule Dagoretti, alimwambia mwanawe, "Hao watu wa magharibi ni wapangaji wangu. Sasa unataka wawe wakwe zangu?" Na Jackton, baba yake Nasimiyu, alisema binti yake akiolewa na watu wa Kiambu atageuzwa mfanyakazi wa nyumbani mwenye pete.

Lakini si baba aliyemuumiza. Baba alipiga kelele na kelele huisha. Aliyemuumiza ni mama yake, Nanyama.

Mwezi wa Juni Thuo alikuwa akikusanya sauti za watu kumi na wanne kwa ajili ya utafiti wake. Alitaka kujua ni maneno mangapi yanapotea mtu anaposema kwa lafudhi ya kwao ndani ya ukumbi wenye kelele, kama hospitali au kanisa. Alikosa mtu wa kumi na nne. Nanyama, aliyesoma hadi darasa la sita akaishia hapo, alikubali kusoma sentensi za majaribio sebuleni kwake, Uthiru. Nasimiyu alichelewa kazini siku hiyo, akafika Thuo akikunja nyaya. Thuo alipoondoka, Nasimiyu alimfuata mama yake jikoni.

"Mayi, umemwonaje?"

Nanyama hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Sikumwona," akasema.

Ni hilo tu. Sikumwona. Nasimiyu alilala nalo neno hilo miezi miwili. Mtu amekaa sebuleni mwako saa nzima, mgeni wa binti yako, na wewe unasema hukumwona, kama kwamba palikaa kiti kitupu.

Alhamisi hiyo saa nane mchana, Nasimiyu alisukuma mlango mzito wa chumba bubu.

Ndivyo walivyokiita. Chumba hicho kilikuwa kimevikwa sponji zilizochongoka, kuta zote nne na dari, na chini wavu wa waya wa kukanyagia, na chini ya wavu sponji zaidi. Humo sauti hairudi. Ukisema neno linakutoka mdomoni na kudondoka hapohapo. Wanafunzi wengine hawawezi kukaa humo dakika tano, wanasema wanasikia damu yao ikitembea. Thuo alikuwa ndani, na kompyuta mapajani, akitayarisha mambo ya kesho. Kesho ilikuwa siku ya idara, siku moja kwa mwaka ambapo walimu huonyesha wageni kazi ya mwaka mzima, na Daktari Mwau, mkuu wa idara, huamua nani aendelee na nani aondoke.

Thuo akainua macho. Akatabasamu lile tabasamu la mwavuli wa Parklands. "Na-si-mi-yu. Nilikuwa nataka kukuita. Ile spika ya kushoto..."

"Nichezee sauti ya mama yangu."

Tabasamu likabaki usoni, lakini halikuwa na mwenyewe tena. "Kwa nini?"

"Nataka kuisikia. Wengine wote wameisikia."

"Nani amekwambia?"

"Ngazi zimeniambia. Cheza, Thuo."

Alibonyeza. Spika ikawaka, na katika chumba kile kisicho na mwangwi sauti ya Nanyama ikasimama katikati yao, wazi kama mtu. Papa alipanda kari. Tata anapepa tepe la tengu, yaani dada anabeba debe la dengu. Sentensi ya tatu, ya nne. Mama yake alikuwa akisoma polepole, kwa adabu, kila neno mahali pake, kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi.

Nasimiyu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulicheka?"

"Darasa lilicheka. Ni watoto."

"Nimekuuliza wewe."

Thuo akafunga kompyuta nusu. "Nilitabasamu. Huwezi kusimama mbele ya watu sitini wanacheka na wewe ukawa na uso kama wa jiwe. Sikutaja jina lake. Nilisema msemaji wa kumi na nne."

"Na wamejuaje ni mama yangu?"

"Mwisho wa rekodi anasikika akisema, 'Nasimiyu amechelewa leo.' Sikukumbuka kuikata hiyo."

"Hukukumbuka."

"Ni kosa. Nisamehe. Lakini alitia sahihi, Nasimiyu. Fomu inasema wazi, sauti inaweza kutumika kufundishia."

"Mama yangu angetia sahihi hata karatasi ya kufungia nyama, bora wewe ndiye uliyeileta."

"Sasa hiyo ni makosa yangu?"

Kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimsumbua Nasimiyu, kitu ambacho sikio lake la fundi lilikuwa limekishika kabla ya moyo. "Cheza tena," akasema. "Kuanzia ile ya tepe."

"Unataka kujiumiza bure."

"Cheza."

Akacheza. Nasimiyu alifumba macho. Herufi zenye makali, zile za s na z na f, hazikuwepo, zilikuwa zimeliwa. Na nyuma ya sauti palikuwa na sauti nyingine nyembamba, imechelewa kidogo, kama kivuli. Alikijua kivuli kile. Amekipima mara mia moja. Mtu anaposema akiwa amekupa mgongo, makali ya maneno huenda mbele yake, hugonga ukuta, na wewe nyuma hubaki na makombo.

"Alikuwa ameangalia ukuta," akasema.

"Ndiyo." Thuo alishusha pumzi, akafurahi kidogo kwamba sasa wanazungumza kazi. "Nilihangaika naye sana. Naweka maikrofoni, yeye anageuka. Nahamisha maikrofoni, anageuka tena. Nimeandika kwenye daftari, hakufuata maelekezo. Nilimwambia mara tatu."

"Mara tatu."

"Kwa heshima. Mama, tafadhali, geukia huku. Mara ya mwisho ilibidi nimshike bega nimgeuze, na hata hapo alijifunika uso kwa leso."

Katika chumba kile Nasimiyu alisikia moyo wake mwenyewe, wazi kama mtu anayegonga mlango. "Ulimshika," akasema.

"Bega tu. Nasimiyu, ni nini? Mbona unaniangalia hivyo?"

Nasimiyu alikumbuka arusi ya shangazi yake kule Kimilili, alipokuwa na miaka kumi. Aliona bibi yao akiiacha njia na kuingia kwenye mahindi kwa sababu mume wa shangazi alikuwa akija upande huu. Akamuuliza bibi, mbona unamkimbia, ni mtu mbaya? Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Si mbaya, akasema, ni mkwe wangu. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Hawagusani kabisa. Humkimbii mtu wa kupita njia. Unamkimbia yule uliyempa mtoto wako.

Sikumwona.

Mama yake alikuwa amesema kweli tupu. Hakumwona kwa sababu hakumtazama. Hakumtazama kwa sababu siku ile ya Juni, baba akiwa bado anafoka, kabla mzee yeyote hajakanyaga Uthiru, Nanyama alikuwa ameshamhesabu kijana yule kuwa mkwe. Peke yake. Bila kumwambia mtu. Na mkwe akamshika bega akamgeuza kama spika.

"Natoka kidogo," Nasimiyu akasema, akautafuta mlango kwa mkono.

Simu haishiki ndani ya chumba bubu. Alisimama kwenye ngazi, akampigia mama yake.

"Mayi."

"Nasimiyu. Nimeazima viti thelathini kanisani, sijui vitatosha. Hao wazee wake wanakula kuku ama ni watu wa nyama ya mbuzi tu?"

"Mayi, siku ile ya kusoma. Alikushika?"

Upande wa pili jogoo wa jirani akasikika.

"Nani amekwambia?"

"Amesema mwenyewe. Hata hajui alichosema."

"Basi kama hajui, ni kosa gani? Mtoto wa watu hakufundishwa mambo yetu. Hiyo ni ya kumwita mzee mmoja, kuku mmoja, inaisha. Usimwambie baba yako."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekwambia ungemwacha. Mimi nakujua, wewe ni moto." Nanyama alikohoa kidogo, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa na haya kama ya msichana. "Na ile sauti, ilitoka vizuri? Nimewaambia kina mama wa kanisa kwamba sauti yangu inafundisha chuo kikuu. Mama Mungai hakuamini. Nikamwambia niliweka sahihi mimi mwenyewe, imeandikwa, ya kufundishia."

Nasimiyu aliegemea ukuta. Wanafunzi wawili walikuwa wakipanda ngazi. Mmoja alimwona, akamkanyaga mwenzake mguu, wakanyamaza wakapita.

"Ilitoka vizuri, Mayi," akasema.

Aliporudi ndani alikuwa ameshapanga maneno yake. Thuo alikuwa amesimama katikati ya wavu, mikono mifukoni, uso wa mtu aliyejitayarisha kujitetea.

"Nisikilize," Nasimiyu akasema. "Mama yangu hakukataa maelekezo yako. Kwetu mama mkwe hamtazami mkwe. Alikupa mgongo kwa sababu alikuwa amekukubali. Wewe ndiwe wa kwanza kujulishwa, na hukusikia."

Thuo alitoa mikono mifukoni. "Sikujua. Kweli sikujua. Ungenieleza."

"Ningekueleza nini? Mimi mwenyewe nilidhani anakudharau. Hilo nakusamehe." Akamkaribia hatua moja, waya ukalia chini ya viatu. "Lakini hili lingine unalijua. Kesho utasimama mbele ya wageni useme msemaji wa kumi na nne alieleweka maneno matatu kati ya kumi. Utasema ni lafudhi. Si ndivyo?"

Thuo akainama kuichukua kompyuta.

"Thuo. Kila mtu uliyemrekodi alikuwa ameangalia maikrofoni. Yeye peke yake aliangalia ukuta. Hukupima ulimi wa mama yangu. Umepima ukuta wetu wa Uthiru. Na daftari lako linajua."

"Lafudhi ipo pia, usijifanye huisikii."

"Ipo. Na mama yako je?"

"Mama yangu ameingiaje hapa?"

"Anasema mshere wa kupika, badala ya mchele. Anasema anaenda kwa rori badala ya lori. Ulikuwa unatafuta mtu wa kumi na nne Nairobi nzima, ukapita kwenu Dagoretti ukaja Uthiru. Kwa nini hukumrekodi yeye?"

"Hapendi mambo ya kurekodiwa."

"Ulimuuliza?"

Thuo akageuza uso pembeni, na katika chumba kile hilo lilisikika: pumzi yake ikapungua, ikahama.

"Hukumuuliza," Nasimiyu akasema. "Uliona haya."

"Na wewe usinifundishe kuhusu mama yangu. Umesahau alivyokuita mpangaji? Mimi ndiye niliyepigana naye miezi mitano mpaka akakubali kuja Jumamosi. Mimi. Wewe ulikuwa umekaa unalia chooni na Ivyne."

"Nilikulilia wewe, mjinga."

"Basi unataka nini?"

"Itoe. Sasa hivi. Itoe kwenye kazi ya kesho, itoe kwenye kompyuta, ifutike. Halafu Jumamosi uje mapema, kabla ya wazee, umwite mjomba wangu Obuya, umwombe msamaha kwa niaba ya mkono wako. Mama asijue kamwe kwamba alichekwa. Ni hivyo tu. Sitaki kitu kingine."

Alikuwa amesema kwa upole mwishoni. Alimtazama yule mtu aliyelitamka jina lake kama maji, akamngojea. Na Mungu ni shahidi, kama Thuo angesema ndiyo wakati ule, hata ndiyo ya kunong'ona, mambo yangekuwa mengine, maana mkono wa Nasimiyu ulikuwa tayari umeinuka nusu kwenda kwenye shavu lake.

Thuo aliangalia kompyuta.

Midomo yake ilisogea kidogo, kama mtu anayejumlisha.

"Nikimtoa yeye," akasema taratibu, "tofauti inabaki ndogo sana. Hao wengine wote wanaeleweka karibu sawa. Sina matokeo. Mwau ataniuliza nimefanya nini mwaka mzima." Akainua macho, na macho yenyewe yalikuwa yakiomba. "Nipe kesho ipite. Ijumaa moja tu. Jumamosi asubuhi naifuta, nakuapia, kisha tunakuja. Hakuna mtu atakayekumbuka."

Mkono wa Nasimiyu ukashuka.

"Jumamosi msije," akasema.

"Usiseme maneno kwa hasira."

"Je, unasikia hasira? Hiki ni chumba chako, kipime."

"Mama ameshawaambia wazee. Ameshashona nguo. Unajua ni nini nimefanya mpaka..."

"Mwambie alikuwa na haki. Mwambie wapangaji wamekataa."

Akageuka kwenda mlangoni. Nyuma yake akasikia kompyuta ikifunguliwa, vidole vikigonga haraka, tena haraka.

"Ngoja," Thuo akaita. Katika chumba kile hata mwito wake haukufika mbali, ulianguka katikati. "Ngoja, tazama. Nimemtoa. Nimefuta kila mahali, hata kwenye hifadhi. Tazama mwenyewe. Sasa? Sasa umetulia? Utabadili nia?"

Nasimiyu alirudi akatazama, kwa sababu alikuwa fundi na alijua mahali sauti hujificha. Alikagua faili moja moja. Ilikuwa kweli. Msemaji wa kumi na tatu, kisha hakuna kitu.

"Asante," akasema.

"Basi Jumamosi..."

"Hapana."

"Lakini nimefanya ulichotaka."

"Umefanya ulipoona naondoka. Mama yangu hakungoja kuona unaondoka." Alichukua ufunguo wa maabara kutoka kwenye ndoano, akauweka juu ya spika ya kushoto. "Hii inakwaruza kwenye sauti nzito. Badilisha waya kabla ya kesho."

Thuo alimshika kiganja. Hakumshika kwa nguvu, alimshika kama mtu anayeshika glasi iliyopasuka. Nasimiyu aliuacha mkono wake humo muda mfupi, mfupi mno, akisikia joto lile alilolizoea tangu Parklands. Kisha akautoa, akatoka, na mlango mzito ukajifunga wenyewe bila sauti.

Alifika Uthiru jua likiwa bado juu ya mapaa. Nanyama alikuwa uani akichambua kunde, na viti vya kanisa vimepangwa ukutani, thelathini, vya plastiki, vimeoshwa.

"Mayi, Jumamosi hawaji."

Mikono ya mama ikasimama juu ya kunde. "Wamekataa?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno moja lingetosha, na mama yake angemkumbatia, na baba yake angesema niliwaambia, na nyumba nzima ingekuwa upande wake. Lakini neno hilo lingepitia kanisani, lingefika kwa Mama Mungai. Lingemkuta mama yake akijua kwamba watoto sitini wa chuo kikuu walimcheka akisoma kwa adabu.

"Mimi ndiye niliyekataa," Nasimiyu akasema.

"Kijana wa watu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Moyo tu umekataa."

"Moyo." Nanyama akasimama, kunde zikamwagika kutoka kwenye kanga. "Nimekaa na baba yako miezi mitano nikimlainisha, usiku na mchana, kwa ajili ya moyo wako. Nimeazima viti. Nimegeukia ukuta ndani ya nyumba yangu mwenyewe, saa nzima, shingo ikauma, kwa ajili ya moyo wako. Sasa unaniambia umekataa kama mtu anayekataa chai."

"Nisamehe, Mayi."

"Usiniite. Toka mbele yangu nisikutukane. Wewe hujui kupendwa, ndilo tatizo lako. Hujui."

Nasimiyu aliinama akaanza kuokota kunde, jani kwa jani. Mama yake alimwangalia kutoka juu, akapumua kwa nguvu, na baada ya muda akauliza, kwa sauti kavu ya mtu ambaye hataki ionekane kwamba anajali:

"Na ile sauti yangu. Watairudisha?"

"Hapana, Mayi," Nasimiyu akasema, bila kuinua uso. "Bado inafundisha."

Nanyama akaitikia kwa kichwa mara moja. Kisha akaanza kubeba viti, viwili viwili, kuvirudisha kanisani kabla giza halijaingia, na akakataa kusaidiwa.

Ewe binti unayesoma haya, nawe mama yake, epukeni haya:

Kumleta mchumba nyumbani siku ambayo wewe mwenyewe hupo.

Kutia sahihi karatasi yoyote kwa sababu tu aliyeileta anapendwa na mtoto wako.

Kuuliza "umemwonaje" jikoni, kwa haraka, mtu akiwa na sufuria motoni.

Kujibu kwa neno moja swali ambalo mtoto ameliuliza kwa moyo.

Mwanamume anayemficha mama yake na kumweka wako hadharani.

Kukaa na uvumi siku nne.

Kuficha mila ukidhani vijana wa Nairobi wataielewa wenyewe.

Mtu anayepiga hesabu kwanza ndipo akujibu, hata akikujibu vizuri.

Kumlinda mama kwa uongo, kama huwezi kuubeba uongo huo maisha yako yote.

Kurudisha viti peke yako.